Nilivyomwandika Mfadhili Kuwa Mmiliki

Siku yangu ya kwanza ya ukatibu wa klabu ya mpira nilikabidhiwa muhuri, pedi ya wino, daftari la mihtasari na bahasha ya leseni za wachezaji, kisha nikaambiwa twende Kibaha. Sikuambiwa tunakwendaje. Klabu ilikuwa Umande ya Kisarawe, nami nilikuwa kijana wa Kibuta niliyejulikana kwa jambo moja tu, mwandiko mzuri. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu, aliniona nikiandika majina ya waliochangia harusi ya binamu yangu, akasema mwandiko kama ule si wa kuishia kwenye mambo ya pilau.

Tulikwenda kwa lori la machungwa. Mwenye lori alikuwa mjumbe wa kamati yetu na alitubeba bure kwa sharti kwamba wachezaji wapakie mzigo kwanza. Walipakia, wakakaa juu yake, na njiani wakala kiasi ambacho mwenye mali alikuja kukitaja kwenye kila kikao kwa miaka mingi. Tulifika uwanjani tukinuka maganda. Kamisaa, yaani afisa anayesimamia mchezo kwa niaba ya chama cha soka na ambaye ripoti yake ndiyo inayosomwa mezani, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akitazama saa. Akakagua leseni moja moja, akilinganisha picha na sura, halafu akataka orodha ya wachezaji yenye muhuri. Sikuangalia muhuri umeelekea wapi. Nikaugonga muhuri ukatokea kichwa chini, miguu juu.

Kamisaa akaigeuza karatasi, akaitazama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kijana, klabu yenu imepata ajali?"

Tulifungwa mbili bila, lakini hakuna aliyelizungumzia hilo. Kwa mwezi mzima pale Kisarawe mjini waliniita Katibu Ajali.

Ninyi mnaoshika kazi hii leo mna simu mkononi na kila kitu kimo humo. Enzi zetu katibu wa klabu ya madaraja ya chini alikuwa ndiyo ofisi yenyewe, inayotembea kwa miguu. Ndiye aliyeandika barua kwa chama cha soka cha wilaya, akazipeleka mwenyewe na kusubiri zigongwe muhuri wa kupokelewa, maana barua isiyo na muhuri wa kupokelewa haikuandikwa. Ndiye aliyewakimbiza wachezaji wapige picha kabla dirisha la usajili halijafungwa. Ndiye aliyejua akidi ya mkutano, yaani idadi ya wanachama wanaotakiwa kuwapo ili maamuzi yawe halali, na ndiye aliyetumwa kwenda kuwatoa watu shambani akidi ilipopungua. Mshahara haukuwapo. Mkate wangu niliupata serikalini, nikiwa karani wa masjala, yule anayetunza mafaili na kujua lipi liko kwa nani. Wengi walidhani masjala ndiyo kazi yangu na mpira ni burudani. Mke wangu Zuhura ndiye peke yake aliyejua kwamba ilikuwa kinyume.

Jambo moja nataka mlielewe kabla sijafika ninakokwenda. Klabu hizi zilikuwa za wanachama. Ukilipa ada ukapewa kadi, basi unayo sehemu yako, sawa na mwenzako, hata kama wewe unauza mihogo na yeye ni daktari. Lakini kadi hazinunui viatu wala nauli, na mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo kila klabu ilitafuta mfadhili, mtu mwenye uwezo na moyo wa kuichukua timu mgongoni. Mfadhili hakuandikwa popote kwenye katiba, ila alikaa mbele, alihudumiwa soda kwanza, na jezi zilibeba jina la duka lake. Akisimama kuzungumza hakuna aliyekohoa. Sisi tuliona tunampa heshima tu. Hatukujua kwamba heshima nayo ina mahali inapotakiwa kukoma.

Serikali ikanihamishia Kibaha. Nikapata kiwanja Mbwawa, wakati ule ambapo kila mtu Mbwawa alikuwa anajenga na hakuna aliyekuwa amemaliza. Waliohamia walitoka kila pembe ya nchi, wengi wao watumishi na watu wa maofisini, na Jumapili jioni, waumini wakisharudi kutoka kanisani nasi tukisharudi kwenye shughuli zetu, tulicheza mpira kwenye uwanda uliokuwa umefyekwa. Magoli yalikuwa ni marundo ya matofali ya mtu ambaye nyumba yake ilikuwa inangoja bati. Ndiyo maana timu iliitwa Matofali. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya wodini, ambaye sote tulimwita Mama Mwenyekiti. Aliposikia kwamba mimi nilikuwa katibu wa Umande, hakuniuliza kama nataka. Aliniuliza daftari linunuliwe la kurasa ngapi.

Matofali ilipanda. Nawaambia ukweli, hatukutegemea. Tulichukua ubingwa wa wilaya, tukachukua wa mkoa, ghafla tukajikuta kwenye ligi ya kitaifa ya daraja la chini, ile ya kusafiri siku mbili kwenda kucheza dakika tisini na kulala kwenye nyumba za wageni zenye kunguni wazoefu. Hapo ndipo wengi wanapozama. Daraja linapanda na gharama zinapanda nalo, lakini viingilio vya mlangoni vinabaki vilevile, kwa sababu watazamaji ni majirani walewale na nusu yao wanaingia kwa kumsalimia mlinzi.

Mfadhili wetu alitokea Maili Moja. Alikuwa na duka la saruji, nondo na bati, na karibu kila nyumba ya Mbwawa ilikuwa imepita dukani kwake. Tulimwita Mkurugenzi. Alikuwa mtu wa furaha, mnene kiasi, asiyejua kanuni za mpira hata moja. Mpira ukitoka nje alidai penalti. Tukipewa kona alisimama kupiga makofi, na wapinzani wakipewa kona alisimama kupiga makofi pia, mpaka nilipomweleza. Lakini alitoa. Basi la timu, chakula, matibabu ya goti la kipa wetu, vyote alitoa bila kuandikishana na mtu, na mimi nilimpenda kwa hilo.

Sasa ukaja usajili wa kwenye kompyuta. Klabu zote zikaagizwa kujisajili upya kwenye mfumo, na fomu za karatasi nilizozoea zikawa za kufungia vitumbua. Nilikwenda kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, nikakaa karibu na dada mmoja mwenye subira, yeye akiuliza na mimi nikijibu. Jina la klabu, rangi za jezi, uwanja wa nyumbani, yote tukayapita vizuri. Halafu akauliza, "Mmiliki nani, mzee?"

Nikamwambia wanachama. Akaandika, mfumo ukakataa. Ulitaka mtu, mwenye majina na namba ya kitambulisho cha taifa. Nikamwambia aache wazi. Ukakataa kwenda mbele. Nikafikiri, na foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Nilimfikiria Mama Mwenyekiti, lakini mwenyekiti huja na kuondoka. Tena ada ya usajili ule ilikuwa imetolewa asubuhi ileile na Mkurugenzi, na kopi ya kitambulisho chake nilikuwa nayo kwenye bahasha kwa ajili ya mambo ya basi. Nikaona itakuwa utovu wa adabu kumweka mtu mwingine mahali pa juu kuliko yeye. Ilikuwa kama kumtolea mgeni kiti. Nikamsomea yule dada namba, mfumo ukaenda mbele, nikarudi nyumbani nimeridhika kwamba nimemaliza kazi bila kumkwaza mtu. Kwenye kikao niliripoti kuwa usajili umekamilika. Sikusema mmiliki nimemwandika nani, na hakuna aliyeuliza.

Misimu miwili ikapita. Siku moja Mama Mwenyekiti akanipigia simu niende kwake, na nilipofika hakunikaribisha kukaa. Akanipa nakala ya barua iliyokwenda ofisi ya ligi. Mmiliki wa Matofali alikuwa ameomba idhini ya kuiuza timu kwa watu wa mkoa mwingine, ambao wangeibadili jina na kuihamisha. Ninyi vijana mmeshayaona haya. Timu inalala na jina moja inaamka na jingine, na nafasi mliyoipigania miaka kumi inachezewa mahali ambapo hakuna hata mmoja wenu anayeweza kufika. Ofisi ya ligi ilitoa siku saba kwa mwenye pingamizi.

"Amefoji," alisema Mama Mwenyekiti. "Ametuzunguka, akajiandikisha mwenyewe. Itisha mkutano mkuu wa dharura."

Nilipaswa kusema palepale. Mdomo nilikuwa nao na nafasi nilipewa. Nikasema, "Sawa, Mwenyekiti," nikaenda kuandika matangazo ya mkutano.

Siku tatu za kusambaza matangazo hayo sitazisahau. Kila niliyempelekea tangazo alinipokea kwa matusi dhidi ya Mkurugenzi, na mimi nikaitikia kwa kichwa. Fundi mmoja aliapa hatanunua tena hata msumari kwake. Nilijua kwamba nikinyamaza, pingamizi letu lingesimama juu ya uongo, na mtu aliyetulisha angebaki na jina la mghushi Kibaha nzima. Nikisema, mimi karani wa masjala wa miaka yote ile, mtu wa kumbukumbu, ningekuwa ndiye niliyeitoa klabu ya watu kama kiti. Niliona aibu, na aibu ya mtu mzima ni nzito. Zuhura aliniona nimeuacha ugali ukapoa mara mbili, akaniuliza, nikamweleza. Hakunilaumu. Aliuliza tu muhtasari wa mkutano utaandikwa na nani. Nikamwambia na mimi. Akasema, "Basi fikiria utakachoandika," akaondoa sahani.

Tulikutana Jumapili asubuhi kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Akidi ilitimia na kuzidi. Mkurugenzi naye alikuja, jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Na hapa ndipo mtacheka, kwa sababu mazoea yana nguvu: alipoingia, watu walewale waliokuwa wakimwita mwizi wakasimama, wakampisha mbele, akapewa kiti cha mwalimu na soda ikafunguliwa. Tulimtukana akiwa amekaa kwenye kiti cha mgeni rasmi. Kila msemaji alianza kwa kumshukuru kwa kufika, ndipo akasema amefoji.

Aliwasikiliza wote. Soda hakuigusa. Mwisho Mama Mwenyekiti akamuuliza jina lake liliingiaje kwenye mfumo.

"Mwenyekiti, mimi nililikuta," alisema. "Wanunuzi ndio walionionyesha. Nami nilishangaa kama ninyi. Aliyeliweka namdhania, ila simtaji. Ni mtu mzima, na mimi nilifundishwa."

Kalamu yangu ilikuwa ikiandika maneno hayo. Nilifika kwenye "mtu mzima" mkono ukakataa. Yule tuliyekuwa tunamwita mwizi alikuwa amekubali kuitwa hivyo mbele ya watu mia na zaidi ili asinivunjie heshima mimi. Methali ya mficha maradhi nimeitumia mara nyingi kuwasuta wengine. Nikasimama, dawati likanikwama kwenye koti, ikabidi jirani anichomoe.

"Mwenyekiti, jina hilo niliandika mimi," nilisema. "Sikutumwa na mtu. Mfumo ulidai mmiliki, nikaona nimweke yeye kwa heshima. Hakujua. Na siku ile uliponionyesha barua nilijua, nikanyamaza. Naomba radhi kwake na kwenu."

Halafu mtu mmoja kule nyuma akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, na kikasambaa, kwa sababu nadhani kila mmoja alijiona yuko mbele ya ile kompyuta akifanya hivyohivyo. Mama Mwenyekiti peke yake hakucheka.

"Katibu, umemaliza?"

"Nimemaliza, Mwenyekiti."

"Basi kaa, uyaandike hayo uliyosema. Yote."

Nikakaa, nikaandika. Ule ndio ukurasa mbaya kuliko yote niliyowahi kuandika, herufi zimelala huku na huku. Mkurugenzi akaomba niusome kwa sauti, nikausoma. Akaomba iongezwe sentensi kwamba mkutano umeridhika yeye hakughushi, nikaiongeza, watu wakanyoosha mikono kuithibitisha. Ndipo akainywa soda yake. Akatueleza kwamba biashara ya saruji ilikuwa imemwendea kombo kwa mwaka mzima, na kila akitaka kutuambia hawezi kutubeba tena alishindwa.

"Mlinifanya mwenye timu," alisema. "Mwenye timu hasemi hana. Walipokuja wanunuzi nikaona bora niuze kuliko niseme nimeshindwa. Kishika uchumba walichonipa bado ninacho. Nitawarudishia."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilidhani kiti nilichompa kilimpendeza, kumbe kilikuwa kinamchoma. Alisaini barua ya kufuta ombi palepale juu ya meza ya mwalimu, nami nikaigonga muhuri, kichwa juu safari hii, nilihakikisha mara mbili.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe ofisi ya ligi. Afisa aliyenipokea alikuwa na umri wa mwanangu wa mwisho. Aliniamkia, akausoma muhtasari, akaenda kwa mkuu wake, akarudi akaniambia barua ya Mkurugenzi peke yake isingetosha, maana wanunuzi nao walikuwa na karatasi zao. Kilichowasaidia kubatilisha mauzo hayo, alisema, ni maelezo ya katibu aliyefanya kosa, yaliyothibitishwa na mkutano mkuu halali. Akaniuliza huyo katibu yuko wapi. Nikamwambia anamtazama. Akasema, "Pole, mzee, umejichongea," na akanigongea muhuri wa kupokelewa. Nilishuka ngazi zile nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Msisubiri niwaambie kwamba baada ya hapo tulichukua ubingwa. Bila mfadhili tulimaliza mkiani tukashuka daraja, halafu tukashuka tena, mpaka ligi ya mkoa. Mechi ya mwisho ya msimu tulicheza na wachezaji kumi na wawili, mmoja wao akiwa kocha. Lakini uwanja ulijaa, na tulicheza kwa jina letu. Mkurugenzi alilipa ada akachukua kadi ya uanachama kama mtu mwingine yeyote. Siku hizi hukaa upande wa jua pamoja na wanachama wenzake, na penalti anadai vilevile. Mimi niliandika barua ya kujiuzulu, Mama Mwenyekiti akaniambia ataisoma msimu ukiisha, kwa sababu hakukuwa na mwingine mwenye mwandiko unaosomeka. Msimu ulipoisha akaisoma, wakanifanyia chai na kunipa redio.

Nimerudi Kibuta sasa, nalima minanasi na kugombana na ngedere. Vijana huja kuniuliza siri ya kuongoza klabu isiyo na fedha. Siri sina. Nawaambia wawapende wafadhili wao, wawashukuru hadharani, wawape soda baridi kuliko wote, na wakimwona mfadhili amenyamaza miezi miwili wamwendee nyumbani wamuulize hali, kwa sababu mtu tuliyemkweza hawezi kushuka peke yake. Na kuhusu timu kuuzwa, wasiwaangalie wanunuzi tu. Mara nyingi mlango umefunguliwa kutoka ndani na mtu mwema.

Mwezi uliopita alikuja Neema, katibu wa sasa wa Matofali, mhasibu wa kampuni moja Kibaha, binti mwenye akili sana. Anahamisha mihtasari yote ya zamani kwenye kompyuta, na alitaka nimsaidie kusoma kurasa zilizoingia maji. Tulifanya kazi vizuri mpaka tukafika ule ukurasa. Aliusoma kimya, akanitazama, akasema, "Mzee, huu mwandiko ni wako kweli?" Nikamwambia ni wangu. Akachapa kidogo, kisha akanigeuzia kompyuta.

"Hapa nimeandika 'katibu wa wakati huo'," alisema. "Jina si lazima. Wewe ni mzee wetu, tunakuheshimu."

Siwadanganyi, nilifurahi. Kwa kitambo kidogo niliyatazama maneno yale manne yalivyokaa vizuri, hayana mtu ndani yake, nikasikia mabega yamekuwa mepesi. Wajukuu wangu wangeusoma muhtasari ule bila kujua kitu. Nilikaribia kumwambia asante, mwanangu.

"Futa," nilimwambia. "Andika jina."

Akafuta. Akauliza aandike majina mawili au matatu. Nikamwambia yote matatu, Shabani Omari Kibwana, maana Kisarawe hii akina Shabani Omari ni wengi, wasije wakasingiziwa.